Ufundi wa Kutonunua

Kijana anayetaka kompyuta ya kuchezea gemu huku mfuko ukiwa mwepesi huanza na swali moja: kadi gani kali siku hizi? Mwenye duka analipenda sana swali hilo. Fundi anayeijua kazi yake huuliza jingine: hiyo uliyo nayo inakwamia wapi? Ufundi huu wa pili ndio ninaotaka kuusifu, kwa sababu haupigiwi picha. Zinazopigiwa picha ni keisi za vioo zinazomeremeta taa za rangi zote, na taa hizo haziongezi hata fremu moja. Zinaongeza bei tu.

Tuchukue mashine ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunaanza nayo: kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, yenye prosesa ya Intel Core i5-6500. Ukizunguka Kariakoo au katikati ya Nairobi hutazikosa. Sidhani kama zitaadimika karibuni, maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 imezikataa rasmi karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Ofisi ya huko ikiitazama mashine hiyo inaona mzigo wa kutoa stoo. Fundi anaona prosesa yenye viini vinne ambayo bado ina pumzi.

Kabla hajagusa bisibisi, atakuomba uwashe gemu yako mwenyewe, ile unayoicheza kila jioni. Anatazama hesabu ya fremu kwa sekunde. Tuseme ni 40. Anaingia kwenye mipangilio, anashusha picha kutoka 1080p hadi 720p, kisha anatazama tena. Fremu zikiruka juu, basi kadi ya picha ndiyo iliyokuwa imeelemewa, kwa sababu pikseli za kuchora zimepungua kwa zaidi ya nusu. Zikibaki 40 zile zile, kadi isisingiziwe. Mwenye kuchoka ni prosesa, ambayo kazi yake ya kuhesabu magari, wapita njia na risasi haipungui eti kwa kuwa picha imekuwa ndogo. Jaribio zima ni la dakika chache na halina malipo, lakini ninyi mnaokwenda dukani bila kulifanya mnaweza kurudi na kadi mpya na fremu 40 zenu kama mlivyoziacha.

Tuseme kadi ndiyo iliyoelemewa. Hapo pawa saplai inaingia kwenye mazungumzo, na hapo ndipo ninapomvulia fundi kofia. Nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa umeme usiozidi wati 75, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Basi uchaguzi unajifunga wenyewe: GTX 1050 Ti ya 2016 au GTX 1650 ya 2019, katika matoleo yanayoridhika na umeme wa madabodi peke yake, na kama keisi ni ile nyembamba, matoleo mafupi ya kadi hizo hizo. Si kadi za kuonea haya. Mwishoni mwa 2022, GTX 1650 ndiyo iliyokuwa imeenea kuliko nyingine zote katika takwimu za wachezaji wanaotumia Steam.

Kijana atasema ameona RX 580 kwa bei ya kutupa. Huenda ni kweli. Tangu Ethereum ilipoachana na uchimbaji kwa kadi za picha, tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizochoshwa na kazi hiyo zimemwagika sokoni. Lakini RX 580 inakula wati 185, kwa hiyo unanunua pawa saplai pia, na OptiPlex nyingi zina plagi za umeme za kwao wenyewe, kwa hiyo unatafuta adapta pia. Bei ya kutupa imeshazaa watoto wawili.

Na hiyo pawa saplai yenyewe inataka jicho. Nimemwona fundi akipewa moja iliyoandikwa wati 500 kwa tarakimu kubwa ubavuni. Hakuzitazama. Aliigeuza, akafuata kwa kidole jedwali dogo la vipimo hadi kwenye mstari wa volti 12, ambao ndio unaozilisha prosesa na kadi. Ampea 18. Kumi na nane mara kumi na mbili ni wati 216. Akairudisha juu ya kaunta, akaomba nyingine.

Kama aliyechoka ni prosesa, mtego uko kwenye soketi. Intel ya kizazi cha 7 na ya kizazi cha 8 zote hukaa kwenye soketi yenye pini 1151, lakini ya kizazi cha 8 ukiiweka kwenye madabodi hii haitawaka. Safari inaishia i7-7700, na pengine isizidi i7-6700 kama madabodi haiitambui. Kwa upande huu AMD inastahili pongezi: madabodi nyingi za AM4 zilizonunuliwa 2017 zinaweza, baada ya kusasisha BIOS, kupokea Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022. Anayeanza na kompyuta tupu ningemwelekeza huko.

Ramu naipitia haraka. Kipande kimoja cha GB 16 ni dhaifu kuliko viwili vya GB 8, kwa kuwa prosesa ina njia mbili za kuifikia kumbukumbu na kipande kimoja hutumia moja tu. Isipokuwa tangu mwishoni mwa 2025 bei ya ramu imepanda vibaya, viwanda vikikimbilia vituo vya akili mnemba, hivyo tafuta ya mtumba.

Halafu kuna skrini, ambayo watu huisahau kwa sababu iko nje ya keisi. Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Wacheza gemu za bunduki watanibishia kwamba fremu za ziada huifanya mausi iwe nyepesi, na hoja wanayo. Kwa mcheza mpira au mwendesha magari, fremu 60 zikishatulia bila kuyumba, ningemwambia afunge keisi, na fedha iliyobaki akanunulie gemu.