Je, Kirusi "Huwasha" Jeni?

Miongoni mwa vitenzi vitumiwavyo kueleza elimu ya jeni kwa Kiswahili, "washa" kimepewa nafasi kisiyoistahili. Taa huwa imewaka au imezimika. Jeni husomwa na seli kwa kiasi kikubwa au kidogo. Upungufu huo wadhihirika katika habari za kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikiona kirusi hicho, mjini London, katika seli za uvimbe huo.

Kirusi hiki kiingiapo katika seli B za kinga hutengeneza protini iitwayo EBNA2. Protini hiyo haiigusi jeni yenyewe. Huiegemea protini ya seli, RBPJ, na kwa njia hiyo hukalia sehemu za DNA zilizo umbali wa jozi za besi zaidi ya 400,000 kutoka jeni ya ukuaji, MYC. DNA hujikunja, sehemu hizo zikaikaribia MYC, nayo ikasomwa kwa wingi.

Sehemu hizo tuziiteje? Wako wawezao kusema "vichocheo", lakini neno hilo limekwisha kutwikwa mzigo mwingine katika kemia. Twapendekeza "vipaza": kipaza sauti hakitungi maneno, bali huyaongezea nguvu. Na badala ya "kuwasha jeni", tuseme "kupandisha usomaji wa jeni".

Huu si ubishi wa vijineno. Mfasiri aandikaye kwamba kirusi huwasha jeni na saratani ikazuka, amepotosha. Zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10 duniani wanacho kirusi hiki, na walio wengi hawaugui saratani hiyo. Tena, katika seli za uvimbe wa Burkitt, EBNA2 kwa kawaida haitengenezwi. Huko MYC imehamishwa kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi hadi ya 14, ikawa jirani ya jeni ya kingamwili isomwayo kwa nguvu daima. Hizo ni njia mbili; kitenzi kimoja kimezifanya moja.

Mzazi asomaye kijitabu cha afya hana kamusi ya kumwokoa. Atadhani kuwa na kirusi ndiko kuwa na saratani. Istilahi isiyotenga mambo mawili yaliyo mbali haijawa tayari kusanifishwa.