Si Kila Apataye Nafuu Ameponywa na Dawa

Wazee wetu walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii ni njema katika mambo mengi ya kijiji, maana uvumi mara nyingi huwa na chanzo chake. Lakini katika mambo ya dawa imetupoteza wengi, na mimi mwalimu ni mmoja wao. Leo nataka kukipima kitabu kimoja cha zamani kihusucho upele. Kwanza sharti nikiri kosa langu, ili msomaji ajue kwa nini kitabu hicho kilinigusa.

Katika bweni la shule nifundishayo alikuwapo mvulana wa darasa la tano aliyepatwa na upele. Alijikuna usiku kucha, hata wenzake wakakosa usingizi. Tulimpeleka zahanati, akapewa dawa ya kupaka, akapaka kama alivyoagizwa. Siku tano zikapita, naye angali akijikuna. Basi nikasema, "Dawa hii haifai kitu." Nikatafuta majani ambayo mzee mmoja aliyasifu sana, nikayaponda, tukampaka. Baada ya majuma mawili mvulana akatulia kabisa. Nilifurahi mno! Nikawaeleza wazazi, nikawaeleza walimu wenzangu, nao wote wakaniamini, kwa kuwa waliona kwa macho yao.

Muhula uliofuata upele uliwashika wavulana tisa. Safari hii hatukwenda zahanati. Tuliwapaka majani tu. Hawakupona. Kucha zilichubua ngozi, vidonda vikatunga usaha, na asubuhi moja mtoto mmoja akaamka uso umevimba, na mkojo wake una rangi ya damu. Hospitalini daktari alitueleza ya kuwa vijidudu viingiavyo katika vidonda vya upele vyaweza kuleta hata ugonjwa wa figo. Mtoto alitibiwa akapona, lakini sikuweza kujisamehe upesi.

Je, nilikosa wapi? Nilikuwa nimeona kwa macho, wala sikusema uongo. Daktari alinifafanulia kwamba mwasho wa upele hauondoki siku ile wadudu wanapokufa. Ngozi huendelea kuwasha kwa majuma mawili, pengine na zaidi, kwa sababu mabaki ya wadudu yangalimo ndani yake. Basi dawa ya zahanati ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake, na majani yangu yalikuja kupokea sifa tu. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Nami nilimsifu jogoo kwa kuleta jua.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: mtu atajuaje kweli kama dawa inaponya? Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye kitabu nilichokitaja. Kinaitwa Human Guinea Pigs, yaani watu waliojitoa ili wajaribiwe kama wanyama wa maabara. Mwandishi wake ni Kenneth Mellanby, Mwingereza mtaalamu wa wadudu, nacho kilitolewa mwaka 1945.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili upele ulienea sana Uingereza, kwa askari na kwa raia. Watu walisadiki, na matabibu pamoja nao, ya kuwa upele huenezwa hasa na blanketi na nguo. Kwa hiyo kazi nyingi na fedha nyingi zilitumika kuzitia nguo na blanketi katika joto kali ili kuua wadudu. Mellanby hakuridhika kusadiki tu. Katika mji wa Sheffield, tangu mwaka 1941, alikusanya vijana waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, lakini waliokuwa radhi kuwafaa watu kwa njia nyingine. Vijana hao walivaa nguo za ndani zilizovuliwa na askari wenye upele, wakalala katika blanketi zilizotumiwa na wagonjwa. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Ndipo wakalala kitanda kimoja na wagonjwa, ngozi kwa ngozi, na hapo upele ukawashika.

Yako na mengine ya maana aliyoyaona. Mdudu wa upele, aliye wa jamii ya utitiri, huchimba njia katika ngozi na kutaga mayai humo. Mellanby aliwahesabu majike wakubwa katika miili ya wagonjwa, akaona kwamba kwa wastani mgonjwa huwa nao kama 11 tu. Tena aliona kwamba mtu ashikwaye kwa mara ya kwanza hukaa kama mwezi mzima bila kuwashwa, hali wadudu wamo mwilini na aweza kuwaambukiza wengine. Lakini aliyekwisha kuugua zamani huanza kuwashwa upesi sana.

Fikirini maana ya jambo hilo nyumbani kwetu. Mama humpaka dawa mtoto ajikunaye, na wale wasiojikuna huwaacha. Usiku wote hulala kitanda kimoja. Mtoto aliyepona huambukizwa tena na ndugu yake aliye kimya, kisha mama husema, "Dawa imeshindwa." Lakini dawa haikushindwa, ila haikufika mahali pote ilipotakiwa.

Sifa kubwa ya kitabu hiki ni uaminifu. Mwandishi hafichi kwamba majaribio yake ya kwanza hayakuleta alichotazamia. Anatuonyesha jinsi jambo lililoaminiwa na wakubwa lilivyoanguka lilipopimwa. Pia watu wake walikubali kwa hiari yao, wakijua watakalotendewa. Hilo si dogo, maana katika miaka ile ile wafungwa wa Ujerumani walifanyiwa majaribio kwa nguvu, na wengi wakafa.

Lakini yatupasa kutaja na mapungufu yake. Kwanza, waliojaribiwa walikuwa wachache, watu wazima wenye afya. Watoto wadogo, ambao ndio wasumbuliwao sana na upele, hawakuwamo. Pili, msomaji mwenye haraka aweza kufunga kitabu akisema kwamba kufua nguo hakuna haja. La, sivyo. Iko namna moja ya upele, wenye magamba mazito, inayowapata hasa watu ambao miili yao haina nguvu ya kujikinga. Mgonjwa wa namna hiyo huwa na wadudu maelfu, na matandiko yake ni hatari. Na hata katika upele wa kawaida, wauguzi wa leo hutuagiza kufua kwa maji ya moto mashuka na nguo zilizotumika siku za karibuni. Kufua ni msaada, lakini hakuwezi kushika mahali pa dawa. Tatu, kitabu kinatufundisha jinsi upele uendavyo kutoka mtu hadi mtu, lakini hakitupi njia ya kutosha ya kujua ni mpango upi wa matibabu ulio bora kwa kijiji kizima.

Upungufu huo wa tatu ulikuja kujazwa baadaye, mbali na Uingereza, katika visiwa vya Fiji vya Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2012 wataalamu walianza kazi na jamii tatu za visiwani, watu 2,051 kwa jumla. Hawakuchagua kwa kupenda nani apewe nini, bali waliachia bahati iamue, kama watu wapigao kura. Jamii ya kwanza ilitibiwa kwa desturi: wenye upele na watu wao wa karibu walipewa mafuta ya pamethrini. Jamii ya pili watu wote walipewa mafuta hayo, wenye upele na wasio nao. Jamii ya tatu watu wote walipewa vidonge vya ivamektini, isipokuwa wale ambao vidonge haviwafai, nao wakapewa mafuta.

Baada ya miezi 12 walihesabu tena, na habari zikatolewa mwaka 2015. Katika jamii ya vidonge, wenye upele walishuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9. Katika jamii ambayo wote walipakwa mafuta, walishuka kutoka asilimia 41.7 hadi 15.8. Na katika jamii ya desturi, walishuka kutoka asilimia 36.6 hadi 18.8.

Naomba msomaji asimame kidogo hapo penye hesabu ya mwisho. Hata jamii iliyoendelea na desturi tu ilipunguza upele karibu nusu! Kama wataalamu wangalikwenda kwenye jamii hiyo peke yake, wangalirudi wakipiga vigelegele na kusema, "Tumepata njia bora." Hilo ndilo kosa langu la majani, ila limevaa koti la kitaalamu. Kilichowaokoa ni kulinganisha. Walizitazama jamii tatu pamoja, ndipo wakajua ipi imepita nyingine. Kazi hii nayo ina udhaifu wake, kwa kuwa jamii tatu ni chache, na jamii moja yaweza kuwa na jambo lake ambalo nyingine hazina. Lakini tofauti ya 1.9 na 18.8 si ndogo ya kupuuzwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiandika ivamektini katika orodha yake ya dawa za lazima kwa ajili ya upele.

Hata kwetu pwani liko jambo lifananalo. Tangu mwaka 2001 watu wa Unguja na Pemba waligawiwa ivamektini pamoja na dawa ya minyoo, kwa kusudi la kuzuia matende. Katika miaka iliyofuata wagonjwa wa upele walioandikwa katika vituo vya afya walipungua sana. Habari hii ni njema, lakini tuipime kwa mizani ile ile: hapakuwa na upande ulioachwa ili kulinganishwa. Ikisimama peke yake ni dalili tu. Ikisimama pamoja na ile ya Fiji, inapata nguvu.

Huenda mtu akasema, "Mwalimu, mambo haya ni ya wasomi." Lakini ninyi mnajua habari za Danieli na wenzake. Walijaribiwa kwa siku kumi, wakila mboga na kunywa maji, kisha nyuso zao zikalinganishwa na nyuso za vijana waliokula chakula cha mfalme. Kulinganisha si jambo geni kwetu. Basi mtu akikujia na sifa za dawa, muulize kwa adabu: Waliotumia walikuwa wangapi? Wangapi hawakupona? Wasiotumia walikuwaje? Walikuwa wametumia dawa nyingine kabla yake? Walitazamwa kwa muda gani? Asipoweza kujibu, si lazima awe mwongo. Mimi sikuwa mwongo. Wala siyalaani majani yale; sijui kama yanafaa au hayafai, na hilo ndilo neno ambalo nilipaswa kuwaambia wazazi tangu mwanzo.

Sasa bwenini tunafanya hivi. Mmoja akionekana na upele, hatumfukuzi kwa kusema kwamba samaki mmoja akioza wameoza wote. Wavulana wote wa chumba chake hutibiwa siku moja, wajikunao na wasiojikuna, na tunawapelekea habari wazazi ili nyumbani nako wote watibiwe. Dawa hupakwa mwili mzima tangu shingo hadi nyayo, kati ya vidole na chini ya kucha, na hurudiwa kama muuguzi alivyoagiza. Kwa vidonge tunamwachia muuguzi, kwa maana wajawazito na watoto wenye uzito chini ya kilo 15 hawapewi ivamektini kwa desturi; wala mtu asithubutu kutumia ile ya mifugo. Na mwasho ukiendelea kwa siku kadhaa, hatukimbilii dawa nyingine, bali tunamrudisha mtoto kwa muuguzi amtazame.

Yule mvulana aliyevimba uso amekwisha kumaliza shule. Juzi alipita kunisalimu, akaniuliza kwa kicheko kama ningali ninaponda majani. Nilimpa kitabu hiki, nikamfasiria maneno yake machache, akakaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe, Mwalimu, hata wakubwa wa Ulaya walidanganywa na blanketi." Nikamjibu kwamba ndivyo, na kwamba waliojua kweli ni wale waliokubali kupima.