Mshipa wa Upande wa Kulia

Asumbi, Homa Bay, kama kwingineko, mwenye presha hupewa vidonge, na wengi huwatosha. Wapo wachache wanaomeza dawa tatu na presha haishuki. Kwa baadhi yao chanzo ni tezi ya adrenali, iliyokaa juu ya figo, inayomwaga homoni ya aldosteroni kupita kiasi hadi mwili unang'ang'ania chumvi. Jerome Conn aliueleza ugonjwa huu nchini Marekani mwaka 1955.

Tezi ni mbili. Ipi inakosea? Wanaojibu swali hilo kwa mkono, kwa kuchota damu kwenye vena ya kila tezi, nawavulia kofia.

Sindano huingia kinenani, waya hupita ndani yake, sindano hutolewa, katheta, mrija mwembamba, huvishwa juu ya waya. Ni mbinu ya Msweden Sven-Ivar Seldinger, 1953. Kushoto hakusumbui sana, kwani vena ya tezi huingia kwenye vena ya figo. Mtihani uko kulia. Huko vena ina urefu wa milimita chache tu, nayo hufungukia moja kwa moja kwenye vena kava, vena kuu ya mwili. Ncha ya katheta huupapasa ukuta wa vena hiyo pana kama kidole kinachotafuta swichi gizani, huku vijivena vya ini vikiidanganya. Dawa ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei huingizwa taratibu mno. Ukiisukuma kwa pupa, vena hupasuka na tezi huvuja damu. Hata daktari akiwa na hakika, maabara ndiyo huamua: kortisoli, homoni nyingine ya tezi hiyo, isipozidi sana katika damu iliyochotwa kuliko katika damu ya kawaida, hakufika.

Tezi yenye kosa kwa kawaida hutolewa kwa upasuaji wa matundu madogo. Kwa asiyeweza kupasuliwa, katheta hupitishwa kwenye ateri na alkoholi kali humiminwa kidogo kidogo mpaka tezi ife. Ikifa hutema homoni zake, presha huweza kuruka ghafla, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi hukaa na dawa tayari. Na lazima ijulikane pa kukomea: ukiziua zote mbili, mgonjwa atameza homoni maisha yake yote.

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kufundisha tiba hizi za katheta na sindano mwaka 2018, pamoja na mpango wa Road2IR. Wanafunzi walianzia kwenye kazi zisizo na fahari: kunyonya usaha wa jipu la ndani, kuzibua njia ya nyongo, kuchukua kinyama cha kupima. Mimi naona ndivyo inavyopasa, maana mkono hauzoei upole kwenye vena ya milimita chache.