Kila Doa na Sababu Yake

Kule Buyenzi, mjini Bujumbura, wapiga rangi wa magari hulipwa ili wafute umri. Gari huingia gereji limepauka na milango imechubuka, likatoka linang'aa, na mwenyewe akaondoka ameridhika. Gasenyi, upande wa kaskazini wa Bujumbura hiyohiyo, rafiki yangu anafanya kinyume. Anachukua kitu kipya kabisa, plastiki isiyowahi kunyeshewa mvua, kisha anakaa nacho majuma kadhaa akikizeesha. Kitu chenyewe ni ndege ya Twin Otter iliyopunguzwa mara 72, na nia yake ni kwamba ukiitazama uamini kuwa imefanya kazi Burundi miaka na miaka.

Wakimsikia, watu hucheka: mtu mzima na ndege za kuchezea! Lakini ukae naye jioni moja, taa ikiwa imeinamishwa juu ya meza, utaona kwamba hakuna mchezo pale. Kuna uvumilivu wa sonara, na juu ya uvumilivu huo kuna elimu.

Elimu hiyo huanza kabla boksi halijafunguliwa. Twin Otter iliruka mara ya kwanza nchini Kanada mwaka 1965, ikajipatia jina kwa kutua mahali ambapo ndege nyingine hazithubutu. Hapa kwetu iliwahi kuwa ndege ya shirika la taifa, lile lililoanzishwa mwaka 1971 kwa jina la STAB, likaitwa Air Burundi kuanzia 1975, na likaacha kuruka mwaka 2009. Kampuni ya Matchbox iliwahi kutoa boksi la vipande vyake kwa kipimo cha 1/72, na baadaye Revell wakalitoa tena. Ndege halisi ina mabawa ya karibu mita 20 toka ncha hadi ncha. Juu ya meza mabawa hayo ni sentimita 27 na nusu. Rubani wake, kama angesimama pembeni, angekuwa na urefu wa sentimita mbili na kitu.

Kuunganisha vipande ndiyo sehemu ambayo mtu wa nje hudhani ni kazi yote. Kila kipande hukatwa kutoka kwenye fremu yake kwa koleo dogo, kikakwanguliwa kwa kisu, kikajaribishwa mahali pake kikiwa kikavu kabla ya gundi kuguswa. Gundi yenyewe hainati kama ya mbao: huyeyusha plastiki ya pande zote mbili, na zikikauka huwa kitu kimoja. Kwa hiyo hakuna kubandua ukikosea. Halafu inakuja kazi ya mshono. Mwili wa ndege huja nusu mbili, na mahali zinapokutana hubaki mstari ambao ndege ya kweli haina. Mstari huo hujazwa, ukapigwa msasa wa 400, kisha wa 800, kisha ule laini wa maji, hadi ukipitisha ukucha usihisi kitu. Rafiki yangu hufanya hivyo akiwa amefumba macho. Anasema jicho hudanganywa na mwanga, kidole hakidanganyiki.

Rangi hufuata, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba. Hapo tayari kuzeesha kumekwisha kuanza kimyakimya, maana rangi ya mgongo wa mabawa haiwi sawa na ya tumboni. Jua la nyuzi tatu kusini mwa ikweta huchoma kutoka juu. Tumbo la ndege hubaki kivulini. Kwa hiyo juu huongezwa tone la nyeupe na chini huachwa ilivyo. Baada ya hapo hupita vanishi ya kung'aa, ili maandishi na michirizi ya shirika, ambayo huloweshwa majini na kutelezeshwa mahali pake, yalale bila kubakiza hewa chini yake.

Sasa ndipo anapochukua brashi nyembamba kuliko zote na kuanza kuichafua.

Tazama injini. Twin Otter ina injini mbili za PT6, na PT6 ina tabia isiyo ya kawaida: hewa huingia kwa nyuma, moshi hutokea mbele, karibu na panga, kupitia mabomba mafupi ya pembeni. Asiyejua atapaka masizi nyuma ya injini, kwa kuwa ndiko akili inakotegemea moshi utoke. Anayejua huanzia kwenye mdomo wa bomba, mbele kabisa, kisha huyavuta masizi kurudi nyuma kufuata upepo wa safari, yakififia kadiri yanavyokwenda. Rafiki yangu hutumia unga wa mkaa wa jikoni, aliousaga na kuuchuja kwa kitambaa cha soksi. Huuchota kwa ncha ya brashi kavu, huupuliza kwanza, ndipo anagusa. Akishagusa anainua mkono, anasogea nyuma, anatazama. Anaweza kutazama dakika nzima kabla ya mguso wa pili.

Kisha mistari ya maungio ya mabati. Rangi ya mafuta nyeusi-kahawia huongezwa thina hadi iwe kama maji, ikaachwa itambae yenyewe ndani ya mifereji. Ikianza kukauka hufutwa kwa kitambaa, na mkono wa kufuta hufuata njia moja tu, kutoka pua kwenda mkiani. Ukifuta kwa kuzungusha, umeharibu: ndege haijawahi kuruka kwa kuzunguka. Kwa rangi iliyobanduka kuna ujanja mwingine. Kwanza hupakwa rangi ya fedha, juu yake ile spreyi ya nywele inayouzwa pamoja na vifaa vya saluni, na juu kabisa rangi ya ndege. Brashi yenye unyevu ikisuguliwa kidogo, spreyi iliyo chini huyeyuka na rangi ya juu huchomoka vipande vidogovidogo, kama inavyochomoka kwenye bati la kweli. Hufanya hivyo kwenye makali ya panga, na kuzunguka magurudumu ambako changarawe hurushwa.

Siku moja nilimwuliza kwa nini hapaki madoa ya mafuta juu ya mabawa, kama nilivyoona kwenye modeli nyingi. Alinijibu kwa swali: "Yametoka wapi, ndugu yangu?" Tangi za Twin Otter hazimo ndani ya mabawa kama za ndege nyingi, zimo tumboni, chini ya sakafu ya abiria, na mafuta hujazwa ubavuni. Hakuna fundi anayepanda juu ya bawa na bomba la mafuta. Doa lisilo na chanzo, kwake, ni uongo hata likiwa zuri.

Swali hilo ndilo linalonifanya niuheshimu ufundi huu. Historia yake ni fupi. Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa na Nicholas Kove mwaka 1939, ilitoa ndege yake ya kwanza ya vipande, Spitfire, mwaka 1953, na kwa miaka mingi modeli nzuri ilimaanisha modeli safi. Miongoni mwa waliobadilisha ladha hiyo katika miaka ya 1970 na 1980 ni Mbelgiji François Verlinden, ambaye vitabu na bidhaa zake viliwafundisha watu kupaka vivuli, kutu na tope. Leo kuna chupa za tope lililokwisha kukorogwa, kutu ya dukani, vumbi la Afrika la kopo. Ni rahisi kununua yote na kuyamwaga. Hesabu hukataa. Rangi iliyobanduka upana wa sentimita moja kwenye ndege halisi huwa chini ya sehemu mbili za kumi za milimita kwenye kipimo cha 1/72. Chubuko unaloliona ukiwa umesimama mlangoni, kwenye ndege ya kweli lingekuwa tundu la kupitisha kichwa.

Na vumbi lenyewe lina kwao. Ndege iliyoshinda kwenye lami ya uwanja wa Bujumbura, katika tambarare ya Imbo, haichafuki sawa na iliyotua kwenye udongo mwekundu wa milimani.

Hata kile kilicho chini ya rangi hubadilisha kila kitu. Mradi ambao rafiki yangu anauwazia baada ya huu ni wa zamani zaidi. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta Ziwa Tanganyika ndege nne za majini aina ya Short 827, walizopewa na Waingereza. Tarehe 10 Juni rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka hadi Kigoma kuipiga mabomu meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, meli ileile iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe Julai mwaka huo, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 inajulikana kwa jina la Liemba. Ndege zile zilikuwa za mbao na kitambaa. Spreyi ya nywele na rangi ya fedha hazina kazi hapo, kwa sababu chini ya rangi hakuna bati. Kitambaa hulegea, hupata viraka, hunywa mafuta ya injini na kuwa cheusi. Viboya vyake vilikaa kwenye maji baridi ya ziwa, basi ule ukoko mweupe wa chumvi ambao wenzake wa Ulaya huzipaka ndege za baharini hauvihusu. Fundi anayeijua kazi yake hubadili mkono kufuatana na kitu kilichoko mbele yake.

Ugumu wa mwisho ni kuacha. Rangi, gundi na msasa hufundishika, lakini siku ya kuweka brashi chini hakuna kitabu kinachoitaja. Twin Otter ya Gasenyi imeachwa na machubuko machache mno, masizi mepesi pande mbili, na mgongo uliopauka kidogo kuliko tumbo. Anayepita haraka atasema ni chafu tu. Aliyewahi kuipanda ataitambua.

Kazi ya namna hii haiwezekani bila picha, na hapo ndipo msomaji anapohitajika. Ndege za Air Burundi hazipo tena angani, na mengi ya sura yake yamebaki katika albamu za familia: baba amesimama kwenye ngazi, shangazi ameshika mkoba, na nyuma yao kipande cha bawa au injini yenye masizi. Kama unayo picha ya namna hiyo, usiikate ili ibaki sura ya mtu peke yake. Ipige nakala nzima, andika nyuma yake mwaka na mahali, na umwonyeshe anayeweza kuisoma.