Mwalimu wa Gita na Cheti Chake: Uhakiki wa Rasimu Moja ya Tafsiri

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa masomo ya shahada ya muziki. Mwongozo huo unawahusu wanafunzi wa chuo kikuu waliochagua gita kuwa ala yao kuu, ambao nia yao ni kuwa walimu wa muziki wanaotambuliwa rasmi. Hatutakitaja chuo wala mtafsiri, kwani makosa tutakayoyajadili si yake peke yake. Twayakuta katika rasimu nyingi. Haja yetu ni kuonyesha jinsi istilahi iliyochaguliwa vibaya inavyoweza kumvua mtu daraja alilolitolea jasho, na kumnyima mwanafunzi wake somo lenyewe.

Kwanza tuitazame sifa ya mwalimu huyo. Mwongozo wa Kiingereza unamtaja kuwa ni mwalimu aliyetimiza masharti ya kitaaluma na kukubaliwa na mamlaka inayohusika. Mtafsiri ameileta dhana hiyo moja kwa maneno matatu. Mahali pa kwanza amemwita "mwalimu mwenye cheti", mahali pa pili "mwalimu aliyethibitishwa", na mahali pa tatu "mwalimu aliyehitimu". Msomaji wa kawaida aweza kudhani kuwa hayo yote ni mamoja. Afisa utumishi hawezi kudhani hivyo.

Neno cheti lina maana mbili. Kwa maana pana ni karatasi yoyote ya ushahidi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa. Katika elimu, hata hivyo, limekuwa pia jina la ngazi. Mwalimu mwenye cheti ni yule wa Daraja la IIIA, aliye chini ya mwenye stashahada, naye mwenye stashahada yu chini ya mwenye shahada. Kumwita mhitimu wa chuo kikuu "mwalimu mwenye cheti" ni kumshusha ngazi mbili kwa kalamu. Barua yenye maneno hayo ikiingizwa katika jalada lake, ndiyo itakayosomwa siku ya kupangiwa mshahara.

Kuthibitishwa nako kuna kazi yake. Mtumishi huthibitishwa kazini baada ya kumaliza kipindi cha majaribio. Kijana ambaye bado yuko darasani hajaajiriwa. Atathibitishwa katika nini? Kuhitimu ni kumaliza masomo na kufaulu, na neno hili ni sahihi pale linapohusu masomo tu. Kwa dhana ya kukubaliwa na mamlaka tunalo tayari neno jingine. Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018 inahusu usajili wa walimu. Kwa hiyo yafaa kuandika "mwalimu wa muziki aliyesajiliwa", na kiwango chake cha elimu kitajwe pembeni: mwenye shahada, mwenye stashahada, au mwenye astashahada.

Jambo la pili ni neno mazoezi. Rasimu yasema kuwa mwanafunzi atafanya mazoezi kila siku, na tena kuwa atafanya mazoezi kwa wiki kadhaa katika shule. Mazoezi ya kwanza ni yale ya vidole juu ya nyuzi. Ya pili ni kusimama mbele ya wanafunzi huku mkufunzi au mhadhiri akimpima. Mkuu wa shule aliyeletewa karatasi hii aweza kumpa kijana chumba na kumwacha apige gita lake peke yake mpaka muda uishe. Haya ya pili ni "mafunzo ya ualimu kwa vitendo", na jina hilo limekwisha kuzoeleka vyuoni.

Tuje sasa kwenye gita lenyewe. Maneno ya ngazi na vyeo tuliweza kuyapima ofisini. Maneno ya ala hayapimiki ofisini, kwa hiyo tulisafiri na rasimu hadi Tabora. Mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, nayo misafara hiyo ilieneza Kiswahili bara kabla ya Reli ya Kati kufika hapo mwaka 1912. Baadaye mji huo ulikuwa na bendi zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Tuliketi barazani na wapigaji wawili wa siku nyingi pamoja na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, tukawasomea.

Rasimu inaliita gita la solo "gita kiongozi". Mzee mmoja alitukatiza. "Mwanangu," alisema, "kiongozi ni mtu. Katika bendi yetu kiongozi alipiga besi." Hoja yake haina jibu. Tangu enzi za misafara, kirangozi alikuwa mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi, wala si mzigo. Wapigaji wana maneno yao: solo, rithimu na besi. Yametoka ng'ambo, lakini yamekwisha pata uraia, na hakuna sababu ya kuyafukuza.

Palikuwa na kosa la kuchekesha zaidi. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gita vina jina la Kiingereza lenye pacha wake anayemaanisha kuhangaika. Mtafsiri aliliamini kamusi dogo, akaandika "mihangaiko ya shingo". Wazee walicheka mpaka chai ikapoa. Mwalimu hakucheka sana. Alitukumbusha kuwa shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, na kuwa hata sekondari, ambako lugha rasmi ya somo ni Kiingereza, mwalimu aliyeshika gita huwaelekeza watoto kwa Kiswahili. Je, atawaambia nini? Tunapendekeza nafasi iliyo kati ya chuma na chuma iitwe pingili, kama ilivyo kwa muwa. Mtoto akiambiwa "bonyeza uzi wa pili, pingili ya tatu", ataelewa mara moja.

Nota kadhaa zinazolia pamoja rasimu imeziita "kodi", kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Matamshi hayo yangekubalika, lakini nafasi imekwisha kaliwa na kodi ya nyumba na kodi ya mapato. "Mwanafunzi atajifunza kodi kuu" ni sentensi ya chuo cha fedha. Hapa twapendekeza "fungu la nota", nasi tu tayari kusahihishwa.

Kosa lililo zito kuliko yote li katika aya ya mwisho. Mwongozo unataja upigaji uliojifunzwa nje ya shule. Mtafsiri ameandika "upigaji wa kienyeji usio na elimu". Mwenda Jean Bosco alijifunza nje ya shule ya muziki. Alizaliwa Bunkeya, Katanga, katika Wayeke, watu ambao mtawala wao Msiri alitoka pande za Unyamwezi katika karne ya 19 kwa njia hizo hizo za biashara. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, akaimba kwa Kiswahili, na Hugh Tracey akamrekodi mwaka 1952. Baadaye David Rycroft alizichambua na kuziandika nota zake katika jarida la kitaaluma. Elimu ambayo msomi analazimika kukaa chini kuinakili haiwezi kuitwa ukosefu wa elimu.

Kiswahili kina neno la kumwita mtu wa namna hiyo: fundi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inamweleza fundi kuwa mtu mwenye ustadi katika kazi fulani, na kwa hiyo aweza kuwafundisha wengine. Shina lake ni lile la funda, mwanafunzi na mkufunzi. Siku hizi tumembakiza fundi kwenye cherehani na bomba, tukasahau kuwa kufundisha kumo ndani ya jina lake. Chuo kikimwalika mpigaji mzee wa Tabora awaonyeshe vijana mkono wake, mwongozo umwite "fundi mwalikwa", na upigaji wake uitwe "upigaji wa kurithishana". Hatumpi shahada kwa kumwita hivyo, wala hatumwondolei mwenye shahada haki yake. Tunamtaja kila mmoja kwa alichonacho.

Kwa muhtasari, tunapendekeza: mwalimu aliyesajiliwa; mafunzo ya ualimu kwa vitendo; solo, rithimu na besi; pingili; fungu la nota; fundi mwalikwa; upigaji wa kurithishana. Maneno ya vyeo mtafsiri ayachukue katika sheria na nyaraka za utumishi. Maneno ya ala ayachukue kwa wanaozipiga. Akiyachanganya, mmoja atapoteza mshahara na mwingine heshima. Tunawaomba walimu wa muziki na wapigaji watuletee maneno wanayoyatumia, hasa kwa lile fungu la nota, kabla orodha haijapelekwa kusanifiwa.