Kabla ya Kushika Bisibisi

Kanda za video za harusi na misiba ya miaka ya 1990 bado zimo makabatini katika nyumba nyingi za Saza na Tunduma, mkoani Songwe, zimepangwa wima, majina ya maharusi na tarehe yameandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino. Kilichoondoka ni deki, na kabla ya deki aliondoka fundi wake. Utaratibu huo wa kuondoka, fundi kwanza na mashine baadaye, unapaswa kutufikirisha. Deki nyingi hazikufikia mwisho wa uhai wake. Zilikufa kwa kasoro ndogo, raba iliyolegea au hedi ya kusomea mkanda iliyoshika uchafu, wakati mtu wa kuitambua kasoro hiyo alikuwa ameshafunga kibanda na kutafuta riziki kwingine. Kwa hiyo tunakosea tunaposema kwamba mashine ile ilipitwa na wakati, kisha tukanyamaza hapo. Tulichopoteza ni ustadi wa kutafuta chanzo cha kasoro kabla ya kugusa chochote, na ustadi huo haukustahili kuzikwa pamoja na mashine.

Tanzania Bara iliishi na deki kabla ya kuishi na televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara vituo vya kwanza, ITV ikiwa miongoni mwavyo, vilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye mahali ambapo mawimbi hayakufika, mwenye runinga alikuwa nayo kwa ajili ya mkanda. Saza inafaa kwa mfano. Ni nchi ya dhahabu, sehemu ya machimbo ya Lupa, penye mgodi mkubwa wa enzi ya mkoloni uliofungwa katika miaka ya 1950 na wachimbaji wadogo walioendelea kuitafuta mali hiyo kwa mikono yao. Mahali pa namna hiyo, palipokusanya watu wa kila mkoa na pasipo na pa kwenda jioni, banda la video ndilo lililokuwa sinema. Wakati huohuo, ni vigumu kufikiria mazingira magumu zaidi kwa deki. Karasha husaga mawe mchana kutwa na vumbi lake ni kali, jenereta hupandisha na kushusha umeme bila taarifa, na joto la kiangazi hukausha raba hadi zikapasuka. Mfumo wa VHS ulioingizwa sokoni na JVC huko Japani mwaka 1976 ulifikiriwa kwa sebule safi yenye umeme tulivu. Kama ulidumu miongo miwili na zaidi katika vumbi la machimbo, sifa ni ya mafundi.

Sifa yao ya kwanza ilikuwa kusoma dalili. Picha ikijaa chenga, mwenye deki husema hedi zimekufa, na yuko tayari kununua nyingine. Fundi wa kweli hakulipokea neno hilo kama lilivyoletwa. Aliuliza kwanza kama chenga ziko kwenye kanda zote au kwenye mkanda mmoja tu, maana mkanda uliochoka hauponi kwa kuibadilisha mashine. Kisha alisikiliza sauti. Picha imejaa chenga lakini sauti ni safi? Basi mkanda unatembea sawasawa na tatizo liko kwenye hedi za picha, pengine ni uchafu tu. Sauti inayumba, inakuwa nzito kisha nyembamba? Hapo hedi hazina kosa, na macho yaelekee kwenye raba inayoubana na kuusukuma mkanda, ambayo imekuwa ngumu na kuteleza. Chenga zimejipanga mstari mmoja chini au juu ya picha, na kwingine kote ni shwari? Nguzo inayouongoza mkanda imesogea kidogo. Hadi hapo kifuniko hakijafunguliwa, wala bisibisi haijatoka mfukoni, na fundi ameshaondoa makosa matatu yasiyohusika. Huku ni kufikiri kwa utaratibu kama kunakodaiwa katika maabara yoyote, nako kulifanyika kibandani, juu ya meza yenye waya, solda na taa moja.

Kazi ya kusafisha hedi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo ndimo heshima ya ufundi huu ilimoonekana wazi. Mkanda wa VHS una upana wa milimita 12.7 tu. Huzungushwa kwenye pipa dogo la chuma linalokwenda mizunguko 1,500 kwa dakika katika mfumo wetu wa picha, na pembeni mwa pipa hilo zimechomoza hedi mbili zinazosoma mistari myembamba kuliko unywele wa mtu. Chembe moja ya vumbi ikiziba ncha ya hedi, harusi nzima inageuka chenga. Mtu mwenye haraka huchukua pamba, akaichovya kwenye spiriti na kusugua juu na chini, na kwa kufanya hivyo huivunja hedi ambayo ilikuwa nzima, au huiachia nyuzi za pamba zikang'ang'ania. Fundi aliyefunzwa alitumia ngozi laini au kipande cha karatasi nyororo kilicholowa spiriti, akakibandika pembeni mwa pipa bila kukikandamiza, kisha akalizungusha pipa lenyewe taratibu kwa kidole cha mkono wa pili, akiligusa juu pasipopita mkanda. Mkono ulioshika karatasi ulitulia. Kilichotembea ni pipa. Tofauti ya matendo hayo mawili haionekani kwa mtu anayepita njiani, nayo ndiyo tofauti ya kuponya na kuua. Baada ya hapo alisubiri spiriti ikauke kabisa kabla ya kuingiza mkanda, na alianza na mkanda asioujali, asije akauharibu wa mteja.

Dhamana hiyo kwa mali ya mteja ndiyo sifa ya pili, na kasoro ya deki kula mkanda inaithibitisha. Mkanda unapotoka kuzungushwa kwenye pipa ni lazima gurudumu la upande wa pili liupokee na kuukunja. Raba ya gia inayolizungusha gurudumu hilo ikichakaa, mkanda unaendelea kusukumwa bila kupokelewa, unajikunja tumboni mwa mashine na kusagika. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka kijicho kinachotazama kama gurudumu linazunguka, na likisimama, deki hujizima ndani ya sekunde chache. Basi deki inayojizima mara kwa mara haina ugonjwa wa umeme kama wengi walivyodhani, inaukinga mkanda. Mtu anaweza kukidanganya kijicho hicho ili deki isijizime, akapokea fedha yake siku hiyo hiyo, na mteja akaondoka akishukuru. Wiki inayofuata mkanda wa mazishi ya baba yake umekatika vipande. Fundi mwenye kuijali kazi alibadilisha raba, na kama raba mpya haikupatikana aliisugua ile ya zamani kwa msasa ikashika tena, akamwambia mwenyewe kwamba hayo ni matengenezo ya muda. Uaminifu huo hauandikwi kwenye cheti, lakini bila huo utaalamu wote hauna faida kwa mteja.

Zipo hoja za kupinga sifa hizi, na hazipaswi kupuuzwa. Ya kwanza ni ya gharama: kwa nini kulipa fundi wakati kifaa kipya ni cha bei ndogo? Kwa redio au feni hoja hiyo ina nguvu. Kwa deki imegeuka na kusimama kichwa chini, kwa sababu kifaa kipya hakipo. Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo ikieleza kwamba spea zimekuwa adimu na wanunuzi wamepungua. Mwaka huohuo Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Maana yake ni kwamba karibu umri wote wa mkoa huu, hakuna deki iliyotoka kiwandani popote duniani. Kila deki inayofanya kazi leo inafanya kazi kwa sababu kuna mtu aliitengeneza au aliitunza, na kila iliyotupwa jalalani kwa kasoro ya raba imetupwa moja kwa moja.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba ufundi haukufa, umehama tu: vijana wa Tunduma wanaofungua simu kando ya barabara ya mpakani ndio warithi wa fundi deki. Kuna ukweli humo. Wapo wanaosoma sakiti kwa darubini na kubadilisha vipande vidogo kuliko punje ya mtama, na hao wanastahili heshima ileile. Lakini biashara inayowazunguka inawasukuma kuelekea upande mwingine. Kioo kimepasuka, toa weka kingine. Simu inakwama, ifute yote na kuianzisha upya. Chaji haiingii, badilisha kipande kizima bila kuuliza ni kiungo gani kimekatika. Kosa si la vijana. Simu nyingi zimegandishwa kwa gundi ili zisifunguliwe, wala hazionyeshi kwa macho kinachotendeka ndani. Deki, kifuniko kikiondolewa, ilionyesha kila kitu: mkanda unavutwa, nguzo zinasogea, pipa linazunguka, gurudumu linapokea. Mwanafunzi aliona sababu na matokeo kwa mfululizo. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha umeme na elektroniki, na ni jambo jema, lakini vifaa vichache vya leo vinaweza kumfundisha kijana kwa uwazi ule kwamba kasoro inayoonekana kwenye kioo inaweza kuwa imeanzia kwenye raba.

Hoja ya tatu inasema kanda zenyewe hazina haja tena. Hii haitetewi na anayejua kilichomo. Humo mna sauti za wazee waliofariki kabla simu za kamera hazijafika vijijini. Humo mna kanda za wasimulizi kama Lufufu, waliozisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuwapa watu wa mabandani sinema yao. Katika deki za kawaida sauti imeandikwa ukingo wa juu wa mkanda, kwa hiyo deki mbovu inayoukunja ukingo huo hubakiza picha ya mgeni na kumfuta msimulizi wetu. Kuzihamishia kanda hizo kwenye kompyuta kunawezekana, ila kompyuta haisomi mkanda. Inaletewa picha na deki nzima, na deki nzima inahitaji fundi. Nao muda hautusubiri: gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu, ukungu huota, na mkanda wenye ukungu ukiingizwa kwenye deki unachafua hedi na kuambukiza kanda zinazofuata.

Halmashauri, parokia au chuo chochote cha mkoa huu kingeweza kutafuta deki moja nzuri na fundi mmoja wa zamani, kikampa vijana wawili wa kukaa kando yake. Gharama yake ni ndogo kuliko ya sherehe moja ya ufunguzi. Hilo halijafanyika, na mafundi wale wanazeeka wakiwa wamebeba vichwani maarifa ambayo hakuna aliyewaomba. Tumezoea kulaumu vumbi, umeme na Wajapani walioacha kutengeneza. Vumbi lilikuwepo tangu mwanzo, umeme ulikuwa mbaya zaidi zamani kuliko sasa, na deki zilifanya kazi. Kilichopungua ni uvumilivu wetu wa kukaa na kitu kibovu hadi tujue kilichokisibu, na upungufu huo tumewarithisha watoto kabla hatujawarithisha kanda.