Diski ya kuwashia: nilichonunua na nilichokiacha dukani

Kompyuta ya nyumbani kwa shangazi yangu, Tabata, ni Dell OptiPlex 7010 ya mnara: mtumba wa ofisi, toleo la mwaka 2012, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 8 na hadi diski ya GB 500. Ukiiwasha asubuhi unainjika chai, na chai inachemka taa ya diski ikiwa bado inapepesa. Fundi mmoja alishamwambia shangazi kwamba mashine imechoka, atafute nyingine. Nilipofungua Task Manager nikaona diski imeshika asilimia 100 huku prosesa ikiwa haifanyi karibu kazi yoyote. Mashine ilikuwa na nguvu zake zote. Ilikuwa inasubiri tu.

Inasubiri nini? Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka na kichwa kinachosogea juu yake kusoma. Hii ya shangazi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Kichwa kikishafika kwenye njia yake, kwa wastani husubiri nusu mzunguko, milisekunde 4.2, mpaka data inayotakiwa ipite chini yake. Kufika kwenyewe huchukua kama milisekunde 9. Jumla ni 13 kwa kila ombi moja, maana yake diski huitikia maombi 75 hivi kwa sekunde yakiwa yametawanyika. Na kompyuta inapowaka, maombi hutawanyika kweli: maelfu ya faili ndogo, mengine ya kilobaiti 4 tu. Zidisha 75 kwa 4 upate KB 300 kwa sekunde. Diski hiyo hiyo ukiipa filamu moja ndefu ya kunakili hupita MB 100 kwa sekunde bila taabu, na hiyo ndiyo namba ambayo muuzaji atakutajia.

Sasa tuchukue maombi 10,000. Hadi diski itatumia sekunde 130. SSD, hata ya bei ya chini kabisa, haina kinachozunguka wala kinachosogea; hujibu kwa kama milisekunde 0.1, hivyo itamaliza kwa sekunde moja. SSD ya NVMe, tuseme ina kasi maradufu, itamaliza kwa nusu sekunde. Ni hesabu ya kukadiria, kwani mfumo endeshi hupanga foleni ya maombi na prosesa nayo ina kazi zake, lakini umbo lake ni la kweli. Hatua ya kwanza inakuokolea dakika mbili na ya pili inakuokolea nusu sekunde. Mwenye fedha ya kubana aiweke yote kwenye hatua ya kwanza.

Kariakoo nilikutana na hatua ya pili.

“Kaka, chukua hii NVMe, inasoma 3,500.”

“Mashine ni 7010, haina soketi ya M.2.”

“Tunakuwekea adapta, haina shida.”

Adapta ipo kweli, na ukiichomeka kwenye nafasi ya PCIe, Windows au Linux iliyokwisha kuwaka itaiona diski. Shida iko kabla ya hapo. NVMe kama kanuni ilitolewa mwaka 2011, na BIOS za mashine za ofisi za wakati huo hazikuwekewa dereva wake, kwa hiyo mashine haijui kuwakia hapo. Wapo wanaozunguka kikwazo hicho kwa kuwashia kwenye fleshi kwanza. Siwezi kumwachia shangazi mtego wa aina hiyo. Na hata mwenye mashine mpya zaidi asikimbilie umbo: M.2 ni umbo tu, kijibao cha milimita 22 kwa 80 mara nyingi, na ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe. Soma maelezo ya mazabodi yako kwanza, ama utarudi dukani kununua mara ya pili.

Nikabaki na SSD za SATA za inchi 2.5, ambazo ukomo wake ni kama MB 550 kwa sekunde. Za bei nafuu zinazofahamika ni kama Kingston A400 na Crucial BX500. Zote mbili hazina chipu ya DRAM ya kuhifadhia ramani ya mahali data ilipo, ndiyo maana ni rahisi, na ukizimwagia faili kubwa mfululizo kasi ya kuandika hushuka. Kwa diski ya kuwashia hilo halinisumbui: nyumba ile inasoma zaidi kuliko inavyoandika. Kuhusu kuchakaa, toleo la GB 240 la kila moja limeahidiwa kuandikwa terabaiti 80. Familia inayoandika GB 20 kila siku, na hiyo ni nyingi, itafika huko baada ya siku 4,000, karibu miaka 11.

Niliikataa GB 120 ingawa ilikuwa na bei ya kuvutia. SSD iliyojaa huandika kwa shida kwa kuwa inakosa vyumba vitupu vya kupangia, na masasisho ya Windows hayaoni haya kula nafasi. Nilichoogopa zaidi ni bandia: chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake, inayopokea faili zako kwa utiifu kisha kuzifuta kimyakimya ikijaa. Ijaze diski mpya mpaka mwisho kwa H2testw, au F3 kwa watumiaji wa Linux, kabla waranti ya dukani haijaisha. Kazi hiyo ndiyo inayokuhakikishia kwamba GB ulizolipia zipo.

Ukabaki mfumo endeshi wa kuweka. Usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya kizazi cha tatu. Shangazi anatumia kivinjari, barua za kikundi na hesabu za duka, kwa hiyo tulikubaliana Linux Mint.

Kisha nikafanya jambo ambalo mafundi wengi hulipita: kabla ya kuanza kusakinisha, nilichomoa kebo ya hadi diski ya zamani. Ukiacha diski mbili, kisakinishi kinaweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye ya zamani na mfumo kwenye mpya. Mashine itawaka vizuri kwa miaka, mpaka siku ile ya zamani ikifa, ndipo SSD nzima yenye afya ikakataa kuwaka na mtu akalaumu SSD.

Chipu ya Q77 ya mashine hii ina njia mbili tu za SATA za gigabiti 6. Nyingine ni za 3. Nilichagua ya 6, ingawa kwa hesabu ya juu tofauti ya kuwaka ingekuwa ndogo. Kwenye BIOS niliweka hali ya diski za SATA kuwa AHCI badala ya RAID, na nikabadilisha betri ya CR2032 ya mazabodi. Betri hiyo ikifa, umeme ukikatika BIOS hurudia mipangilio ya kiwandani, na mfumo uliosakinishwa kwa AHCI unaweza kugoma.

Hadi diski ya zamani nimeirudisha kwa ajili ya picha. CrystalDiskInfo ilikuwa imenionyesha sekta kadhaa zilizohamishwa kwa kuharibika, hivyo picha za familia nilizinakili kwanza kwenye diski ya nje, na hiyo inakaa kabatini. SSD hizi za bei nafuu hazina kinga ya umeme kukatika ghafla katikati ya kuandika. UPS ndogo ya dirishani kwa shangazi, iliyokuwa ikilinda televisheni, sasa imehamia chini ya meza ya kompyuta.